Mvumo, Mlio na Mkwaruzo

Nilipokuwa mwanagenzi wa ufundi wa redio Mombasa, fundi aliyenifunza alikuwa hanipi bisibisi mpaka nimwambie ninasikia nini. Redio inanguruma au inakwaruza? Inalia muda wote, au ukigusa swichi tu? Nikikosa jibu, alinirudisha kwenye kigoda nikasikilize tena. Baadaye nilitengeneza amplifaya za vikundi vya taarab, kisha deki za kaseti, kisha vicheza-CD. Mitambo ilibadilika, masikio niliyofunzwa ndiyo yaliyonilisha.

Sasa kazi inayonijaza karakana ni santuri. Mzee amefariki, watoto wanafungua kabati, wanakuta marundo: za mizunguko 45 kwa dakika za lebo ya Mzuri iliyokuwa ya duka la Assanand hapa Mombasa, za dansi kutoka Nairobi, na chini kabisa zile nzito za 78. Watu hununua gramafoni ya USB, wanaichomeka kwenye laptopu, wanarekodi, halafu wananijia na lalamiko moja: "Fundi, ina kelele." Kelele si moja. Neno hilo halinisaidii mpaka nijue inatoka wapi.

Jambo la kwanza ninalofanya ni kuinua sindano huku kompyuta ikiendelea kurekodi. Kelele ikibaki, santuri haina hatia, na anayeisugua anapoteza muda wake. Tatizo limo kwenye umeme.

Namkumbuka mama mmoja wa Mji wa Kale ambaye mwanawe anayefanya kazi Muscat alimletea gramafoni nzuri, nzito, yenye kichwa cha sumaku. Kila alichorekodi kilikuwa na mvumo mzito chini yake. "Mwanangu, kuna jenereta ndani ya nyimbo zangu," aliniambia. Nilikwenda nyumbani kwake, kwa sababu mvumo wa namna hiyo mara nyingi ni wa nyumba kuliko wa mashine. Nikainua sindano: mvumo palepale. Nikachomoa chaja ya laptopu, ikabaki kwenye betri yake. Kimya. Mama akaweka mkono kifuani.

Chaja nyingi za laptopu huvujisha umeme kidogo mno kuelekea kwenye bodi ya kompyuta, na pasipo ethi ya kweli kwenye soketi, umeme huo hutafuta njia nyingine. Waya wa USB unaupa njia hadi kwenye gramafoni. Nyumba nyingi za zamani zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la ethi halijaungwa popote. Kichwa cha sumaku nacho hutoa milivolti 5 hivi tu, kwa hiyo hata uchafu mdogo wa umeme unaonekana mkubwa mbele yake. Juu ya hayo, tangu 1954 santuri huchongwa kwa kipimo kiitwacho RIAA: besi hupunguzwa wakati wa kuchonga, na kikuza sauti huirudisha wakati wa kupiga. Kwenye hezi 50, ambayo ndiyo mipigo ya umeme wetu wa nyumbani, hicho kikuza hukuza ishara takriban mara 7 ya kinavyoikuza kwenye hezi 1,000. Ndiyo sababu mvumo wa nyaya, ambao kwenye redio ungeupuuza, kwenye gramafoni unafunika sauti ya mwimbaji.

Pasipo mvumo, huenda pakawa na mlio mwembamba, mkali, usiobadilika. Huo hutoka kwenye USB yenyewe, ambayo hupiga mapigo yake mara 1,000 kwa sekunde. Tundu jingine la USB, waya mfupi zaidi, au kurekodi kupitia nyaya za sauti kwenye kadi ya sauti ya nje, mara nyingi huumaliza. Simu ya mkononi pia iwe mbali na mkono wa gramafoni. Na kama sauti imepasuka na imejaa, tazama kile kiswichi cha nyuma chenye PHONO na LINE: ishara iliyokwisha kukuzwa ikikuzwa tena, hakuna programu itakayoinusuru.

Kelele ikianza pale sindano inapotua, sasa ni zamu ya santuri. Hapa huwa nahesabu. Santuri ya 33⅓ huzunguka mara moja kila sekunde 1.8, ya 45 kila sekunde 1.33. Mlipuko unaorudi kwa mwendo huo ni mchubuko uliokata mifereji kadhaa. Mlipuko usio na mpangilio ni vumbi, au ule ukungu wa pwani unaoota ndani ya jalada la karatasi. Vumbi na ukungu huoshwa kwa maji yaliyokenekwa na kitambaa laini. Santuri za 78 usizipake spiriti kamwe: nyingi zimetengenezwa kwa sheleki, na spiriti huiyeyusha.

Hizo za 78 ndizo ninazozipigania. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na sahani za zama hizo mifereji yake ni mipana. Sindano ya kawaida ina ncha ya mikroni 18 hivi, nayo huzama hadi kwenye sakafu ya mfereji na kuikwangua. Inatakiwa sindano ya mikroni 75 hivi, inayoegemea kuta. Nimewaona watu wakilaumu ukongwe wa santuri, kumbe sindano ndiyo inayosoma uchafu badala ya sauti. Ukibadilisha sindano, mwimbaji husogea mbele. Mchakacho mwembamba unaobaki ni wa unga wa mawe uliochanganywa kwenye sheleki, nao nauacha.

Kisha ndipo programu ya Audacity. Ina chombo cha kupunguza kelele na cha kufuta milipuko, na nimeshindana na vijana wengi juu ya kuvitumia. Kufuta milipuko kwa nguvu hula mchomo wa kanuni na kofi la tari, kwa sababu kompyuta haioni tofauti. Kupunguza kelele kupita kiasi huifanya fidla ilie kama iko ndani ya maji. Mimi hupunguza kidogo, nikisikiliza hasa pumzi za mwimbaji. Zikianza kupotea, narudi nyuma.

Mama wa Mji wa Kale nilimpa faili mbili kwa kila wimbo: moja ghafi, iliyorekodiwa kwa biti 24 bila kuguswa, na moja iliyosafishwa kidogo ya kusikiliza. Mwanawe alinipigia kutoka Muscat kuuliza kwa nini ile ya pili bado inakwaruza. Nikamweleza kwamba santuri hizo zimepigwa sana nyumbani kwao, mkwaruzo umekwisha kuchongeka humo, na nikiung'oa wote kanuni itaondoka nao. Akasema nimtumie zote mbili, na kwamba kwa shangazi yake Lamu kuna sanduku jingine, nyingi za 78. Nimeshaagiza sindano ya pili.