Nambari Iliyodhaniwa Kuwa Tasa

Twaa kalamu na karatasi, ewe msomaji, uandike nambari hii: 4,294,967,297. Itazame. Haigawiki kwa mbili, kwani mwisho wake ni saba. Haigawiki kwa tano. Na jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo tatu nayo haiingii. Jaribu saba, jaribu kumi na moja: kila mara patabaki baki. Uso wake ni uso wa nambari tasa, yaani nambari isiyogawanyika sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe.

Uso huo ulimhadaa bingwa. Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria wa Toulouse, katika Ufaransa, na hesabu zilikuwa burudani yake baada ya kazi. Alianza na 2, akaizidisha kwa yenyewe akapata 4. Akaizidisha 4 kwa yenyewe akapata 16. Kisha 256, kisha 65,536. Kila moja ukiiongeza 1 utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni tasa. Mwaka 1640 Fermat aliwaandikia wenziwe kwamba zinazofuata nazo ni tasa, ingawa alikiri kuwa hajaupata uthibitisho. Ya sita ndiyo hiyo uliyoiandika.

Miaka 92 ilipita. Mwaka 1732, katika mji wa St. Petersburg, Leonhard Euler, kijana wa miaka 25, alionyesha kwamba nambari hiyo ni zao la 641 na 6,700,417. Usiniamini mimi; zidisha mwenyewe. Mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 40 ni 268,016,680. Mara moja ni 6,700,417. Jumlisha.

Labda utadhani kazi ya kuitafuta 641 ilikuwa ya miezi. La. Euler alithibitisha baadaye kwamba kigawo chochote cha nambari hii, ukikipunguza 1, lazima kigawike kwa 64. Basi nambari tasa za kujaribiwa ni chache mno: 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Kugawanya mara tano tu! Na lililo ajabu zaidi kwangu ni kwamba sheria hiyo inazaliwa na kanuni aliyoieleza Fermat mwenyewe mwaka uo huo wa 1640. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na mlango ulikuwa mbele yake.

Tangu Euler, nambari 27 zinazofuata katika safu hiyo zimechunguzwa, siku hizi kwa kompyuta, na hakuna hata moja iliyo tasa. Tasa zinazojulikana ni zile tano za kwanza tu. Je, mbele zaidi iko ya sita? Hakuna aliyethibitisha kwamba iko, wala kwamba haiko.