Dijei Awe Mwanamke: Shughuli ya Wifi Yetu Singida



Kila msimu wa ndoa ukikaribia, mabibi harusi mnatuuliza jambo lile lile. Ukumbi ni wa wanawake watupu, mapambo yako tayari, hina na piko zimekauka vizuri, lakini anayepiga muziki ni mwanamme. Ataambiwa akae nyuma ya pazia, ataambiwa asitizame. Hata hivyo nusu ya wageni hawavui mabuibui yao, na bibi harusi aliyetumia siku saba kwenye singo na udi anakaa usiku mzima amejitanda mtandio. Leo tunakusimulieni tulivyolimaliza jambo hili mbali na visiwani, Singida, kwa mashine inayoingia kwenye mkoba.

Sisi ni ndugu watatu, wote wanawake, na kaka yetu alioa binti wa Kinyaturu. Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, tukapanda treni ya umeme mpaka Dodoma, kisha basi mpaka Singida mjini, kwenye upepo wake, majabali yake na ziwa lake la Singidani. Tulipokewa kwa kuku wa kienyeji na ugali wa mtama, na kwa maneno mazuri. Lakini tulipouliza habari ya shughuli ya usiku, mama wa bibi harusi alisema kwa upole: "Wanangu, muziki sitaki. Nitasomesha maulidi, mtakula, mtamchukua mwenzenu."

Sababu yake ilikuwa nzito. Kwenye harusi moja ya jamaa zao, dijei na mpiga picha walikuwa wanaume. Siku chache baadaye video za wasichana wakicheza vichwa wazi zilikuwa zikizunguka kwenye simu za watu wasiowajua. Mmoja wao ni mtoto wa dada yake. Mama aliona yule binti alivyokaa ndani wiki nzima, na akaapa kuwa kwake halitatokea.

Hatukwenda kumshinda kwa hoja, kwani mama mwenyewe ni mwalimu wa madrasa. Hadithi ya Rubayyi bint Muawwidh (RA) anaijua kuliko sisi: kwamba Mtume (SAW) alikwenda kwake asubuhi ya harusi yake, na wasichana walikuwa wakipiga dufu mbele yake. Anajua pia kuwa wanazuoni wamekhitilafiana juu ya ala nyengine, na kila nyumba ina msimamo wake. Akatwambia: "Dufu nalijua. Nisilolijua ni hilo dude lenu, na nani atalishika."

Basi tukalitoa dude lenyewe, tukaliweka juu ya mkeka. Wenye kazi wanaiita kontrola. Yetu ni Numark DJ2GO2 Touch, ndogo, urefu wake haupishani sana na rula ya skuli. Ina sahani mbili za kuzungusha, kulia na kushoto, na kila sahani ni wimbo mmoja. Katikati kuna kitelezo: ukikisogeza kushoto inasikika sahani ya kushoto, ukikisogeza kulia inasikika ya kulia, ukikiacha kati zinasikika zote mbili. Haina umeme wake, inavuta kwenye laptopu kwa waya wa USB. Nyimbo zenyewe zimo ndani ya laptopu, na kazi ya kuchanganya inafanywa na programu. Kontrola hii ilikuja na Serato DJ Lite. Asiye nayo anaweza kupakua Mixxx, ambayo ni ya bure kabisa.

Kilichombadilisha mama kilikuwa kitundu kidogo tu. Kontrola yetu ina matundu mawili ya sauti: moja la spika, jengine la hedifoni. Wageni wanasikia wimbo unaopigwa, na mpigaji anasikiliza peke yake wimbo unaofuata kabla haujatoka. Tukamvisha hedifoni. Akasikiliza, akatutizama, akasema: "Kwa hiyo hakuna neno litakalotoka hapa sijalisikia mimi?" Tukamwambia ndiyo, mama. Akakaa nasi mpaka usiku wa manane, anapitisha nyimbo moja moja kama anavyosahihisha madaftari ya watoto. Alizozikataa tuliziondoa, na hatukubishana.

Na sisi tulikuwa na khofu yetu, kwa sababu tulikuwa mawifi. Mnajua taarabu ya mipasho ilivyo. Wimbo unaweza kuwa mtamu, lakini ukipigwa na wifi mbele ya upande wa bibi harusi, kila fumbo litakuwa na mwenyewe. Kwa hivyo tulitumia vile vitufe vinavyoweka alama ndani ya wimbo, ukibonyeza unaruka moja kwa moja mpaka pahala ulipopachagua. Ubeti wenye kijembe tukauruka, tukabakisha sifa na mahaba ya halali. Ndoa haijaanza, mtu akaondoka na donge?

Sasa jambo la ufundi kwa wale mtakaojifunza. Programu hizi zina kitufe cha kulinganisha mwendo wa nyimbo mbili ili zisigongane. Kwenye bongofleva kinafanya kazi vizuri, kwa sababu mapigo yametengenezwa kwa kompyuta na hayabadiliki. Kwenye taarabu asilia hakiaminiki. Pale wamo watu, wanakaza na kulegeza kadiri mwimbaji anavyokwenda, na programu hukosea kuhesabu. Taarabu ya zamani inataka sikio: iache imalizie, punguza sauti taratibu, kisha ingiza inayofuata. Na watu wakiinuka kwenda kumtunza bibi harusi, usikate. Zungusha kipande cha ala peke yake, kirudie na kirudie, mpaka bibi wa mwisho mwenye mkongojo afike na noti yake.

Masharti ya mama yalikuwa matatu, nasi tuliyapenda. Simu zote ziliingia kwenye kapu mlangoni, na shangazi mmoja akalikalia. Kamera ya laptopu tuliibandika karatasi, intaneti tukaizima, ili usitoke ujumbe wa mtu kwenye spika wala picha kwenda popote. Na muziki unyamaze kabla ya adhana. Hapo tuliweka saa za swala za Singida, kwani jua huko linatua zaidi ya robo saa baada ya Unguja, na ratiba yetu ya nyumbani isingetufaa.

Shughuli ilianza baada ya alasiri. Mlango ulipofungwa, mabuibui yalitundikwa ukutani, na bibi harusi akavua mtandio wake. Nywele zake zilikuwa zimesukwa na kutiwa asmini tuliyoichukua Unguja ndani ya kitambaa kibichi. Wanawake wa upande wake hawakuwahi kumuona hivyo tangu utotoni. Vigelegele vilivyopigwa pale hatukuhitaji spika.

Baada ya isha umeme ulikatika. Laptopu ina betri, kontrola inavuta humo humo, na spika yetu ni ya kuchaji, kwa hivyo wimbo haukukatika. Lakini gizani bibi mmoja mzee alianza kupiga makofi na kuimba Kinyaturu, na wenzake wakamuitikia. Tukashusha sauti polepole mpaka ikaisha. Waliimba karibu nusu saa kwa mwanga wa taa moja ya kuchaji, bibi harusi katikati yao analia na kucheka. Umeme uliporudi hatukuwasha kitu mpaka walipokaa wenyewe. Mashine haikuletwa kushindana na wazee.

Usiku ule binti mmoja wa hapo nyumbani, aliyemaliza kidato cha nne, hakubanduka ubavuni petu. Alituuliza kama hii ni kazi au ni mchezo. Wifi yetu mmoja mkubwa alidakia kuwa mtoto wa kike kuitwa dijei ni aibu. Mama mwenye nyumba ndiye aliyemjibu: "Aibu tumeshaiona, na ililetwa na mwanamme." Kisha akamwambia binti ajifunze, ila apige kwa wanawake tu na asiache swala. Tumemwekea Mixxx kwenye kompyuta ya kaka yake. Kontrola hana, anatumia kibodi, na anaendelea.

Kwako wewe unayepanga shughuli yako: uliza mapema nani atashika muziki, kama unavyouliza nani atashika chungu cha biriani. Mkae na mama zenu wa pande zote mbili mpitishe nyimbo kabla ya siku. Kama nyumba yenu ni ya dufu na kaswida tu, kontrola itazipiga hizo hizo, wala hutapungukiwa na kitu. Na kama kuna msichana mwenye sikio zuri katika ukoo wenu, mpeni nafasi, na mlipeni haki yake kama mngemlipa mwanamme.

Allah awabariki maharusi wetu, awatie mapenzi na huruma baina yao, na atusitiri sote hapa duniani na kesho akhera. Aamiin.