Mwanga Unaosoma Dawa Ndani ya Paketi

Wasee wa fizikia, hii ni yenu. Na wewe unayesema fizikia haina pesa, kaa hapo hapo.

Mwaka jana mdogo wangu alishikwa na malaria. Hapa kando ya ziwa hiyo si habari. Nikanunua dawa, akameza dozi yote, homa ikakataa kushuka. Hospitalini wakambadilishia, akapona. Labda zile tembe zilikuwa feki, labda shida ilikuwa nyingine. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyekuwa na njia ya kuniambia. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi kama yetu, karibu dawa 1 kati ya 10 ni feki au haijafika kiwango.

Nikaanza kusoma, nikakutana na mawimbi ya terahezi. Yako kati ya mikrowevu na infraredi, na yanatetema mara trilioni moja hivi kwa sekunde. Karatasi, kadibodi na plastiki yanapenya tu. Lakini yakifika kwenye tembe, kila dawa inanyonya mitetemo yake na kuachia mingine, kama alama ya kidole. Yaani unaweza kuipima dawa bila hata kufungua boksi.

Kuyatengeneza sasa ndio balaa. Unatumia leza inayotoa mwanga kwa mapigo mafupi ajabu, kama femtosekunde 100. Chukua sekunde, igawanye mara milioni, kipande kimoja kigawanye mara milioni tena, halafu mara elfu: hiyo ndiyo femtosekunde moja. Pigo likigonga semikondakta yenye umeme, elektroni zinachomoka ghafla, na huo mchomoko ndio unatoa wimbi la terahezi.

Si muujiza, lakini. Karatasi ya alumini ya tembe inayazuia kabisa. Maji nayo yanayanyonya vibaya, kwa hivyo hii hewa yetu ya Kisumu ingebidi ikaushwe kwanza ndani ya mashine. Na leza zenyewe ni ghali.

Basi tuwaachie wa Ulaya? Zii. Mwaka 2019 watafiti wa Ifakara, Tanzania, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow, walionyesha kuwa infraredi, jirani wa terahezi, ikisaidiwa na kompyuta iliyofunzwa, inaweza kutambua aina ya mbu na umri wake. Umri una maana kubwa, sababu vimelea vya malaria huchukua kama siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Mbu mzee ndiye wa kuogopwa.

Huo ni ugonjwa wetu, unasomwa kwa mwanga, hapa hapa Afrika Mashariki. Na Kisumu kuna KEMRI, watu wanaoijua malaria nje ndani. Naona tunachokosa ni vijana wanaoujua mwanga, wa kukaa nao meza moja.

Kwa hivyo kama uko Form 3 na unafikiria kuachana na fizikia, ngoja kwanza. Kuna mtoto Kondele anameza tembe usiku huu, na mamake hana njia ya kujua ni dawa au ni chaki.