Dume wa Karibu na Njia

Kibali rahisi kina taabu yake: ukikipata wewe, jirani yako naye anacho. Hapa kwetu Mara, Ikorongo na Grumeti yalipofanywa mapori ya akiba mwaka 1994, sisi wakazi tulibakiwa na maeneo ya wazi. Ulikwenda ofisi ya wanyamapori, ukalipa ada, ukaandikiwa mnyama na idadi yake, basi. Kwa kuwa wengi walipata, wengi pia walisema huko madume wakubwa wamekwisha.

Siku hizo nilikuwa mwalimu mkuu, na likizo za kiangazi nilitoka Musoma nikapita Bunda kwenda kutafuta pongo, ambaye wengine humwita mbawala. Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja Mzanaki wa Butiama. Tuliona magari ya wawindaji yakipita alfajiri kuelekea mbali, karibu na mpaka wa Serengeti. Mzee akacheka. "Mwalimu," akasema, "hao wanampita njiani."

Naye alikuwa na hoja. Pongo si mnyama wa kundi wala wa mbuga tupu. Hukaa peke yake katika vichaka vya kandokando ya mito, hata jirani na mashamba ya watu. Hula usiku, alfajiri na jioni; mchana hujilaza kimya. Dume aliyezeeka amezeeka kwa sababu hakurupuki ovyo. Kwa hiyo sisi hatukuzunguka. Tulitafuta nyayo na vijiti vilivyochubuliwa kwa pembe, tukaketi upepo ukitupiga usoni, tukangoja ukingoni mwa kichaka.

Kumtambua pia ni elimu. Jike hana pembe. Dume kijana ana rangi ya wekundu, na pembe zake ni fupi. Mzee amekuwa mweusi, shingo ni nene na manyoya yake yamepukutika, na ncha za pembe zinang'aa kwa kusuguliwa.

Siku ya tatu alitoka dume kijana, hatua kama arobaini mbele yetu. Kibali changu kilikuwa cha mnyama mmoja, mshahara ulikuwa umechelewa, na nyumbani watoto walikuwa wakingoja kitoweo. Mzee akatikisa kichwa. Niliinamisha bunduki, na likizo ile nikarudi na kibali kisichotumika. Mama watoto alipika dagaa, wala hakuuliza kitu.

Mwaka uliofuata tulimpata dume mweusi katika kichaka kisichozidi nusu saa kwa miguu kutoka barabarani. Penye miti hapana wajenzi.

Msomaji wangu, sisemi kwamba yule wa pili alikuwa ndiye yule wa kwanza aliyekua. Mwaka mmoja hautoshi. Nasema kwamba dume mzee yupo pale tu ambapo mtu fulani, mwaka fulani, alimwacha kijana apite. Kwa simba, kanuni za uwindaji wa kitalii za mwaka 2010 ziliweka umri: dume asipigwe kabla ya kutimiza miaka 6. Pongo wa vichakani hana wa kumhesabia miaka yake ila yule aliyemlenga, naye huwa peke yake, ana njaa, na hakuna anayemwona.