Mdogo wangu ni afisa ununuzi, baba mdogo anataka tenda

Baba mdogo alifika nyumbani jioni moja ya Juni, ile baridi ya Ufipa inayofanya watu wavae makoti hata ndani ya nyumba. Kwapani alikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na leseni ya duka lake la vifaa vya ujenzi, namba ya mlipakodi na karatasi ya bei za saruji, bati na nondo. Aliiweka mezani mbele ya mdogo wangu, akasema, "Mwanangu, sasa tumepata mtu ndani."

Mdogo wangu alikuwa na wiki tatu tu kazini kama afisa ununuzi wa halmashauri. Ni halmashauri ipi sitaisema, maana ndiko anakopata riziki. Aliisukuma bahasha kwa vidole viwili hadi ikarudi upande wa mwenyewe. "Baba, hii siwezi kuipokea, hata kuisoma siwezi." Mama akainuka kwenda jikoni, ingawa chai ilikuwa tayari mezani.

Kwa kawaida huwa naandika habari za chanjo na lishe. Leo naandika hili kwa sababu wazazi wananiuliza kama masomo ya ununuzi na ugavi yana ajira, na mimi huwajibu haraka haraka kwamba yanayo, kisha napanda bodaboda na kuondoka. Sijawahi kuwaambia habari ya ile bahasha.

Ili mdogo wangu asome Mbeya, katika Taasisi ya Uhasibu Tanzania, baba aliuza mahindi ya misimu mitatu na ng'ombe wawili. Shangazi hakuelewa. "Mtu anasomea kununua?" aliuliza, na swali lilikuwa la haki, kwa sababu mama hununua kila Jumamosi sokoni bila cheti na hapunjwi.

Kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa msaidizi wa afisa ruzuku, kwenye mradi wa afya uliokuwa ukifadhiliwa na Marekani. Baba, kama wakulima wengi wa Rukwa, alijua ruzuku moja tu, ile ya mbolea. Kwa miezi kadhaa aliwaambia majirani kwamba binti yake anagawa mbolea Mbeya. Wawili walikuja kuulizia mifuko.

Kumbe kazi yenyewe ni kulinda fedha ya mtu mwingine ifanye kile ilichoombewa. Fedha ikiombwa kwa ajili ya kupima kifua kikuu, haiwezi kununua matairi ya gari la ofisi. Kila lita ya mafuta ina safari yake, na safari hiyo ina sahihi ya mtu. Matumizi yasiyoruhusiwa hurudishwa. Aliniambia sehemu ngumu si hesabu: "Dada, ni kumwambia mtu mzima mwenye shahada tatu kwamba risiti yake haitoshi."

Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wangu, nakiri. Halafu, Januari 2025, Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na ndani ya siku chache wakaambiwa waache kazi. Alirudi Sumbawanga kwa basi na mabegi mawili, kwa kupitia barabara ya lami ya Tunduma, kilomita zaidi ya 220. Barabara hiyo nayo ilijengwa kwa ruzuku ya Marekani, chini ya mkataba uliosainiwa mwaka 2008, sisi tukiwa watoto tunaofika Mbeya tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Siku hiyo hakuna aliyecheka tulipolikumbuka.

Kwa hiyo mzazi anayeniuliza leo, namwambia mambo mawili ambayo zamani sikuwa nayasema. Kazi ya ruzuku hulipa vizuri, lakini kamba yake imeshikwa na mtu wa mbali. Ununuzi wa umma hulipa kidogo na nafasi zake hugombewa na maelfu kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, ila halmashauri haiachi kununua. Na cheti cha chuo pekee hakitoshi. Lazima mtoto asajiliwe na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na bodi hiyo ina mitihani yake. Tenga fedha za hilo mapema.

Mimi umuhimu wa kazi hii niliuona zahanati, si ofisini. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Zahanati huagiza Bohari ya Dawa, na ikikosa, hununua kwa mshitiri aliyeteuliwa wa mkoa. Nimewahi kukaa kwenye benchi la zahanati moja upande wa bonde la Ziwa Rukwa, mama mjamzito akiambiwa akanunue glavu dukani. Nilikuwa tayari kuandika kwamba serikali haijapeleka fedha. Fedha zilikuwepo. Fomu ya maombi ndiyo ilikuwa imecheleweshwa, kisha mvua ikakata njia. Karatasi moja, na yule mama akalipa kwa fedha ya nauli ya kurudi kwake.

Turudi kwenye bahasha. Baba mdogo hakuwa na nia ya kuiba. Kwake, ndugu akipata, ndugu wote wamepata. Ndivyo tulivyolelewa, na ada ya kidato cha tano ya mdogo wangu yeye ndiye aliyeilipa. Hilo alilisema. Akasema pia kwamba sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, basi tuandikishe kikundi kwa jina la mama, mzigo atoe yeye. Mama aliyasikia akiwa jikoni. "Jina langu liache hukohuko lilipo," akajibu.

Kesho yake mdogo wangu alimwandikia bosi wake kueleza kwamba ana ndugu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kwamba duka hilo likiomba zabuni yoyote, yeye hatakaa kwenye tathmini. Barua ya nusu ukurasa. Baba mdogo alipopata habari, alisema ameshitakiwa na mtoto aliyemsomesha. Agosti, kwenye kipaimara cha mdogo wetu wa mwisho, kiti chake kilikaa kitupu.

Nilimlaumu baba mdogo mpaka siku nilipofanya yaleyale. Nilikuwa nafuatilia habari ya vifaa tiba, nikampigia mdogo wangu simu usiku anitajie nani anaongoza kwenye zabuni kabla haijatangazwa. Alikataa. Akanieleza kwamba siku hizi zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST, mshindi akishapatikana tangazo litakuwa wazi, nitalisoma kama watu wengine. Nilikata simu bila kuaga. Siku nne nzima sikumtafuta, mimi ninayeandika kila mwaka habari za ripoti ya CAG.

Oktoba nilikwenda dukani kwa baba mdogo na simu yangu na kifurushi cha intaneti. Tulikaa nyuma ya magunia ya saruji tukijaza usajili wa NeST, yeye akilalamika, mimi nikichapa. Aliomba zabuni mbili za nje ya halmashauri ya mdogo wangu. Zote alikosa.

Krismasi alikuja. Alileta debe la maharage, akamkabidhi mama, akakaa kiti cha mbali. Alikula kimya. Alipomaliza kunawa alimgeukia mdogo wangu, mara ya kwanza tangu Juni.

"Ule mfumo wenu unaniandikia nyaraka imekwisha muda. Na hilo nalo ni siri?"

"Hapana, baba. Ni leseni ya biashara. Nenda ukaihuishe kabla ofisi hazijajaa Januari."

"Bei gani?"

Alimtajia. Baba mdogo akatoa kalamu na kuandika kwenye kiganja.