Maji ya Kiunoni Paje

Kabla ya tiara kulikuwa na mwani, na kabla ya mwani kulikuwa na usumba. Bibi yangu alifukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani ya Paje, mashariki ya Unguja, akayaacha miezi mpaka yaoze, kisha akayafukua na kuyaponda apate nyuzi za kusokota kamba. Kazi ilimvunja mgongo na malipo yake yalikuwa haba. Mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza huku kwetu kama biashara, wanawake ndio waliobeba vigingi na kamba za kufungia mbegu wakaingia baharini, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Sare zangu za skuli na mabati ya nyumba yetu vilitoka kwenye kamba zile za mwani.

Bahari yetu ina tabia yake. Mwamba uko mbali na ufuo, na mawimbi makubwa yote yanavunjikia huko. Ndani ya mwamba maji ni tulivu, chini ni mchanga mweupe na majani ya bahari, na mtu anaweza kutembea muda mrefu bila kuzama kiuno. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hurudi kujaa mnamo saa kumi jioni. Kwa hiyo asubuhi ya bamvua ilikuwa ya akina mama: kufunga mbegu, kuvuna mwani uliokaa kama wiki sita, kuburura magunia hadi pwani kabla maji hayajarudi. Jioni bahari ilibaki tupu, isipokuwa ngalawa zinazorudi.

Ndani ya saa hizo tupu ndipo tiara zilipoingia, katika miaka ya 2000. Mchezo wenyewe, wa kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara, ulikuwa bado mchanga duniani. Ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walikuwa wamesajili mwaka 1984 uvumbuzi wa tiara yenye mirija ya kujazwa upepo, inayoelea ikianguka majini na kuweza kurushwa tena. Bila mirija ile, kila anayejifunza angeishia kuogelea na kitambaa kilicholowa. Sisi watoto tulikimbilia pwani kushangaa. Mama alitazama, akauliza jambo moja tu: “Mwanangu, na nyuzi zile zikimkata mtu?”

Nilianza kwa kujaza upepo kwa pampu na kuwashikia wageni tiara wakati wa kurusha, nikafundishwa kidogo kidogo, leo ni mwalimu. Kila mwanafunzi ananiuliza kwa nini Paje, na jibu langu ni upepo na kina. Kaskazi ya Desemba hadi Machi na kusi ya Juni hadi Septemba zote mbili hupiga ubavuni mwa ufuo, zikiegemea nchi kavu. Aliyepoteza ubao husukumwa polepole kuelekea mchangani, hapelekwi bahari kuu. Na akianguka, anasimama. Huwezi kujua thamani ya kusimama mpaka umwone mtu mzima, aliyeogopa maji maisha yake yote, akiinuka akitema chumvi, akashika tena ufito wa kuongozea na kuirudisha tiara juu mwenyewe. Siku ya kwanza nafundisha tiara ndogo tu, mchangani. Kisha kuburuzwa na tiara majini bila ubao. Ubao unakuja mwisho, na asiyejua kufyatua tiara ijiangushe simpi ubao hata akinilipa mara mbili.

Lakini maji yanayomfaa anayejifunza ni yale yale yanayoufaa mwani. Kilele cha maji hakina shida, kwa kuwa kamba ziko chini sana. Shida ni maji ya kati, ya kiunoni, yanapotoka au kuingia, mkulima akiwa bado ameinama shambani na mwanafunzi asiyejua kugeuza tiara anamjia. Nyuzi zina urefu wa mita 20 na zaidi, na zikikazwa na upepo ni hatari kwa shingo ya mtu. Ubao nao hukata kamba na kung'oa vigingi, na mwani uliokatika ni kazi ya wiki nyingi inayokwenda na maji.

Joto la bahari limeongeza mzigo. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, ulianza kuoza na kufa katika maji ya kina kifupi, wakulima wakabaki na spinosamu ya bei ya chini. Anayetaka kotonii lazima aufuate kwenye maji ya kina yaliyopoa kidogo, na wengi wa mama zetu hawajui kuogelea wala hawana vyombo. Mama aliacha mashamba ya pwani, sasa anatengeneza sabuni ya mwani.

Mimi nasema wazi: haki ya kwanza katika maji yale ni ya waliopiga vigingi. Mgeni anakaa wiki, mkulima anakaa maisha yake yote. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawapitisha kwa miguu asubuhi maji yakikupwa, wayaone mashamba, wasalimiane na wenyewe na wajue mipaka, kabla hawajavaa mkanda wa kufungia tiara. Wapo walimu wanaoona napoteza muda wa upepo. Sikubaliani nao, na nimewaambia.

Mpwa wangu wa kike anataka kuwa mwalimu. Anaingia majini na suruali ndefu na mtandio uliofungwa barabara, na upepo anausoma vizuri kuliko wavulana wengi wa rika lake. Kozi ya cheti inalipiwa kwa dola, fedha ambayo kijana wa kijiji haipati kirahisi, na hilo ndilo linalowaacha wengi wetu kwenye kujaza pampu. Mama yake, ambaye bado analima, amemwekea fedha ya mavuno ya kusi.