Gongo la Mashoto

Gongo lenyewe bado ninalo. Liko juu ya kabati la vitabu, hapa nyumbani Makueni, na kila mjukuu anayekua hadi kulifikia hulishika, akaligeuza, kisha akaniuliza kwa nini limechongwa kinyume. Huwa namwambia halikuchongwa kinyume. Lilichongwa na mvulana wa miaka 15 kwa ajili ya mkono wake wa kushoto, na mimi ndiye niliyemkataza kulichezea.

Ilikuwa mwaka 1986. Nilikuwa mwalimu mpya, mzaliwa wa upande wa Nzaui, nimepelekwa kufundisha shule ya upili wilayani Kitui. Makueni haikuwa wilaya siku zile. Ilihesabiwa ndani ya Machakos mpaka 1992. Kikamba changu cha upande huu kiliwachekesha wanafunzi wa Kitui, na darasani kila nilipoteleza kutoka Kiswahili walinirudisha kwa kicheko. Kidato cha kwanza cha mwaka huo ndicho kilichopokea wanafunzi wa mwanzo kabisa wa mfumo wa elimu wa 8-4-4. Walikuja wembamba. Walikuwa wametoka katika njaa ya mwanzo wa miaka ya 80, ile iliyoitwa kwetu Nikw'a ngwete, yaani nitakufa nimeishika, kwa kuwa mtu alikuwa na pesa mkononi na dukani hakuna cha kununua.

Nilikuwa nimejifunza mpira wa magongo chuoni, nikaupenda kupita michezo yote. Vijana wa leo hawaamini nikiwaambia kwamba Kenya ilikuwa jina kubwa katika mchezo huo. Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 tulimaliza wa 6. Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, tulifika nusu fainali, tukashindwa na India 2-1 katika kuwania nafasi ya 3. Nahodha wetu, Avtar Singh Sohal, alicheza Olimpiki 4. Wengi wa wachezaji hao walikuwa Masingasinga na Wagoa wa Nairobi, na magongo yao yalitoka India na Pakistan, ya mti wa mforosadi. Bei yake ilikuwa juu mno kwa shule ya mashambani. Sisi tulikuwa na magongo 9, na timu ni watu 11.

Kwa hiyo nilipowaita waliotaka kujaribu, niliwapanga zamu. Kijana huyu sikumpa zamu siku ya kwanza wala ya pili. Alikuwa mdogo wa umbo, kimya, amekaa kwenye jiwe pembeni mwa uwanja akitazama mikono ya wenzake. Baada ya majuma mawili alikuja na gongo lake. Alikuwa amelichonga kwao mwishoni mwa juma, kwa mulawa, mti ambao wazee wa Ukambani huchongea pinde. Alikuwa amepata tawi lenye kona yake ya asili, akalinyoosha mpini kwa moto, akalipaka mafuta. Nililipima kwa mkono na sikuamini. Lilikaa sawa kuliko mengine yote tisa.

Nikamwambia aingie. Uwanja wetu ulikuwa wa changarawe nyekundu, mpira ukigonga kijiwe huruka hadi gotini, na wavulana wengi waliuogopa. Yeye aliupokea kama mtu anayepokea kikombe. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, upande ambao hakuna aliyeutarajia, na wenzake wakasimama tu. Ndipo nilipotazama vizuri. Mkono wa kulia ulikuwa juu na wa kushoto chini. Upande bapa wa gongo ulitazama kulia.

Asiyeujua mchezo huu inafaa aelezwe. Gongo la uwanjani lina uso mmoja bapa, wa kushoto, na mgongo wa mviringo. Mpira hupigwa kwa bapa. Ukipiga kwa mgongo ni kosa. Na sheria haina gongo la mashoto. Haliruhusiwi, na aliyezaliwa mashoto hucheza kwa kulia au haruhusiwi kucheza. Sababu inayotolewa ni usalama, kwamba wachezaji wakishika magongo pande mbili watagongana.

Nilipuliza firimbi. Nikamwita kando, nikamweleza yote haya, polepole, kama mwalimu anayeamini kwamba akieleza vizuri basi ametenda haki. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na huku pia, Mwalimu?"

Sikumwelewa. Nilidhani anauliza kama sheria inafika mpaka Kitui. Nikamjibu ndiyo, na huku pia. Akashika gongo lake akaenda bwenini.

Nilielewa Jumapili moja, mwezi uliofuata, nilipokwenda kwao kuomba ruhusa asafiri na timu. Tulitembea pamoja asubuhi yote. Tulivuka mto Tiva, ambao wakati huo ulikuwa mchanga mtupu, na wanawake walikuwa wamechimba visima humo wanateka maji kwa kibuyu, mmoja mmoja, kwa subira. Nyumbani alikuwako bibi yake tu, ameketi kivulini anasuka kiondo. Nilimwamkia nikamwita Susu, naye akacheka matamshi yangu kama walivyocheka wajukuu zake. Akanipa muthokoi uliochanganywa na mbaazi, na nilipokuwa nakula akawa ananitazama mikono.

"Wewe ni wa kulia," akasema.

Nikakubali.

Akanisimulia kwamba katika shule ya msingi mwalimu mmoja alimchapa kijana huyu kila alipoandika kwa kushoto, na fimbo ilipokosa kufaulu akamfunga mkono ule kwa kamba ya katani, ukabaki umefungwa kwenye dawati mpaka kengele ya mchana. Muhula mzima. Alijifunza kuandika kwa kulia. Hati yake, ambayo mimi nilikuwa nimeisifu mbele ya darasa kwa usafi wake, ilitoka kwenye kamba ile. Marehemu babu yake naye alikuwa mashoto, bibi akasema, na alikuwa mpiga mishale mashuhuri, kwa sababu uta hauna kulia wala kushoto. Mtu huushika anavyotaka. Gongo la mulawa lilichongwa kwa panga na tezo za babu huyo.

Chakula kilinikwama. Kijana alikuwa nje akikata kuni, kwa kushoto, na shoka lilikuwa likishuka mahali pamoja kila mara. Ruhusa nilipewa. Njiani kurudi nilitaka kumwomba radhi na sikujua nimwombe kwa lipi, kwani fimbo haikuwa yangu na sheria haikuwa yangu. Nikanyamaza. Kwa hilo najilaumu hadi leo, kuliko ile firimbi.

Mwenyewe hakunyamaza kwa mikono. Alichukua gongo la shule, la kulia, akaanza upya. Asubuhi kabla ya darasa nilimwona peke yake uwanjani. Akagundua jambo ambalo mimi niliyemfundisha sikuwa nalijua vizuri: gongo likigeuzwa, ncha ya kichwa ikatazama chini, bapa lile lile la halali hufika upande wa kushoto wa mwili. Wahindi walikuwa mabingwa wa kugeuza hivyo. Wachezaji wetu waliofuata kulia kwa asili waligeuza kwa shida, kama mtu anayefungua mlango kwa kiwiko. Kwake upande ule ulikuwa nyumbani. Ndani ya mwaka mmoja hapakuwa na beki wilayani aliyejua mpira wake utatokea wapi.

Agosti 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, na mpira wa magongo ukachezwa City Park. Nilichanga mshahara wangu na wa walimu wenzangu wawili, tukawapeleka vijana 6 kutazama. Kenya ilitwaa dhahabu, ikapata njia ya kwenda Olimpiki ya Seoul mwaka uliofuata. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Yeye hakupiga kelele. Nilimwuliza anatazama nini, akasema amehesabu wachezaji wa pande zote, na waliokaa benchi, na hakuna hata mmoja anayeshika kwa kushoto. "Wote wameshika kama mimi sasa," akasema. Sikuweza kujua kama ni furaha au huzuni, na sura yake haikunisaidia.

Mechi ninayoikumbuka zaidi ni ya 1988, hapa Makueni, mjini Wote. Kati ya Kitui na Makueni upo mto Athi, na sisi tulizunguka kupitia Machakos nyuma ya lori, tukashuka wekundu kwa vumbi, vijana wakawa wanajitambua kwa sauti. Nilikuja kwetu nikiwa mgeni, na ndugu zangu wa Nzaui walikuja kushangilia upande wa pili. Tulikuwa nyuma bao 1 kwa bila. Zikiwa zimebaki dakika chache, alipokea mpira ndani ya nusu duara mbele ya goli, upande wa kushoto, kipa ameshatoka. Akaligeuza gongo, akausukuma mpira, ukaingia pembeni kabisa.

Mwamuzi alipuliza. Akaonyesha mgongo wa gongo. Aliona mkono umegeuka akahukumu kwamba mpira ulipigwa kwa upande wa mviringo. Haukupigwa hivyo. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, na kipa mwenyewe aliyefungwa alitikisa kichwa. Nilimwendea mwamuzi nikabishana naye hadi akanitishia kunitoa uwanjani. Bao halikurudi. Tulishindwa.

Usiku kwenye lori wenzake walilia na kutukana. Yeye alikaa kwenye kona, gongo limelala mapajani. Karibu na Kitui akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, niliwaandikia kwa kulia. Wakasema ni kushoto."

Alifanya mtihani wa kumaliza shule ya upili, KCSE, mwaka 1989, ule wa kwanza. Alipata alama nzuri, karo ya kuendelea haikupatikana. Hakuna aliyekuja kutoka Nairobi kumtafuta mchezaji Kitui, na mimi sikujua mlango wa kubisha. Akawa seremala, akafungua karakana Emali, kwenye barabara ya Mombasa, na kwa mikono miwili ile akajenga jina. Viti ninavyokalia ni vyake.

Mwaka 2008 alikuwa anapeleka samani kwa mteja Nairobi, akanichukua njiani, na watoto wake wawili walikuwa ndani ya gari kwa kuwa shule zimefungwa. Tulipokaribia mjini wakaanza kumsihi awaonyeshe barafu. Hoteli ya Panari, hapo kwenye barabara ya Mombasa, ilifungua ukumbi wa barafu mwaka 2005, na watoto wa Emali walikuwa wamesikia habari zake. Tukapanda. Baridi ilitupiga usoni, na ndani, juu ya sakafu nyeupe, vijana kadhaa waliovaa viatu vya vyuma walikuwa wakicheza magongo. Hawakuwa na mpira. Walikuwa na kisahani cheusi kizito kinachoteleza bila kuruka. Baadaye kutoka ukumbi huo ilizaliwa timu ya Ice Lions, na mwaka 2018 baadhi ya wachezaji wake walipelekwa Kanada kucheza, lakini siku ile walikuwa watoto tu wanaoanguka na kuinuka.

Alisimama kwenye ukingo, macho kwenye mikono, kama alivyokaa kwenye lile jiwe. Mvulana mmoja wa miaka 12 hivi, mmoja wa waliokuwa hodari, alikuja kupumzika karibu nasi. Wakaanza kuzungumza. Mvulana alieleza kwa fahari ya mtoto aliyeulizwa jambo analolijua: namna ya kusimama, namna ya kufunga breki, jinsi mama yake alivyoogopa mwanzoni. Kisha akauliza, "Unataka kujaribu, mzee? Wewe unapigia kulia au kushoto?"

Rafiki yangu hakujibu mara moja.

"Kwani kuna la kushoto?" akauliza.

Mvulana akashangaa swali. Akaenda kwenye benchi, akarudi na magongo mawili, moja limepinda huku na jingine kule. Katika mchezo wa barafu pande zote mbili ni halali, na hilo ndilo swali la kwanza analoulizwa mtoto kabla hajapewa gongo.

Akachukua la kushoto. Hakuwa na viatu vya vyuma. Alisimama tu langoni, kwa viatu vyake vya kazi, na mvulana akamsukumia kile kisahani. Alikipokea kama kikombe. Wakawa wanarudishiana mpaka muda wa mazoezi ukaisha na taa za upande mmoja zikazimwa. Alikuwa na miaka 37.

Juma lililofuata alifika kwangu Wote na gongo la mulawa limefungwa kwa gunia. Alikuwa amelitunza miaka 22, amelipaka mafuta kila mwaka. Halijawahi kucheza mechi hata moja.